Pasipoti mpya haina mhuri hata mmoja wa safari za nyuma, afisa alijuaje nilikoenda?

Mpita_Njia

Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanisumbua kichwa na najua humu kuna watu wa kila fani, naombeni mnisaidie.

Iko hivi. Pasipoti yangu ya zamani ilijaa nikapewa mpya, hii mpya haina mhuri wa safari zangu za nyuma hata wa kusingiziwa. Juzi narudi kutoka safari nafika dirishani kwa uhamiaji, nchi yangu mwenyewe hii sio ugenini, afisa akaichukua pasipoti akailaza kwenye ile mashine akawa anasoma skrini yake muda mrefu kidogo, afu akaniuliza kwa upole tu, ile safari ya mwaka juzi ulienda kikazi au kutembea? Na nchi yenyewe akaitaja kwa jina. Nikamwambia kutembea. Akauliza tena, na yule uliyesafiri naye mnafanya kazi pamoja? Hapo nikaishiwa maneno, kwa sababu huyo mtu sikurudi naye, yeye alibaki kulekule, tulichofanya pamoja ni kukata tiketi tu.

Hakunifanyia ubaya wowote, akagonga nikapita. Sina kesi, sidaiwi na mtu, siasa nazisikia redioni. Ila tangu siku hiyo najiuliza hizi habari zinatoka wapi, zinakaa muda gani, na serikali ina haki gani ya kujua raia wake akiwa nje kaenda wapi na nani, maana mimi nilidhani nikishavuka mpaka mambo yangu ni yangu. Na kubwa zaidi, mtu anayejua yote hayo si siku moja anaweza kuniambia leo hutoki?

Simba_Marara

Mkuu ungemjibu "muulize mwenyewe" hahaha. Ila kweli hii inatisha kidogo, nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Kaunta_ya_Tiketi

Mleta mada nimekaa kwenye biashara ya tiketi miaka mingi, nilianza kwa wakala afu nikahamia uwanjani kwenye kaunta ya kuchekin abiria, ngoja nikueleze maana watu wengi wanaamini habari zinatoka kwenye mhuri. Mhuri ni wino tu bana, huo ni kwa ajili yako wewe kuringia, wao walishajua kabla hujafika.

Siku unayokata tiketi linafunguka faili kwenye sistimu, sisi tunaliita PNR, ndo zile herufi na namba sita zinazokuja kwenye tiketi yako. Ukiliona kwenye skrini yetu utashangaa, ni maandishi ya kizamani mstari kwa mstari hakuna picha hakuna rangi. Jina la ukoo kwa herufi kubwa, mkwaju (/), jina la kwanza. Chini yake safari zako na tarehe. Namba ya simu, imeili, ulilipaje na kadi ni ya nani, nani alikukatia, umekaa kiti gani, una mizigo mingapi. Afu inakuja sehemu ambayo abiria wengi hawaijui, mistari ya huduma maalum. Uliomba chakula cha Kiislamu, imeandikwa MOML. Cha Kiyahudi, KSML. Cha mgonjwa wa kisukari, DBML. Ulihitaji kiti cha magurudumu, WCHR. Hakuna mtu aliyekuuliza dini yako wala ugonjwa wako ila vyote viko hapo kwa herufi nne nne, wewe ulikuwa unaagiza chakula tu.

Na faili halisahau. Ulisogeza tarehe mara ngapi, ulighairi lini, siku uliyokata tiketi na hukutokea, vyote vimo kwenye historia yake. Sasa kuhusu huyo mwenzako, mlikatiwa pamoja kwaiyo mlikuwa faili moja. Mkija kutengana katikati ya safari, faili linagawanywa mara mbili lakini kila upande unabaki na kumbukumbu ya mwenzake. Hapo ndo swali la afisa lilipotokea, nakuhakikishia kwa asilimia kubwa.

Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni API, yaani taarifa za abiria zinazotumwa mapema. Angalia chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti yako, kuna mistari miwili imejaa alama kama <<<<<, kila mstari una nafasi 44. Humo kuna jina, uraia, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na siku ya kuisha. Mashine inasoma, vinatumwa serikalini ya nchi unayokwenda na mara nyingine na ile unayotoka, ndege haijaruka. Kuna nchi zina mfumo wa kujibu papo hapo, mimi nikiingiza pasipoti linarudi jibu la kupanda au kutopanda. Likirudi la kutopanda hainiambii sababu. Siwezi kutoa kadi ya kupandia, foleni iko nyuma, na abiria ananiangalia mimi kama vile ndo niliyemzuia. Hii sehemu ya kazi sijawahi kuizoea.

Na kwamba pasipoti ni mpya haisaidii kitu, umebadilisha namba tu, aliyekupa mpya ni yule yule aliyekupa ya zamani na jina na tarehe ya kuzaliwa ni vile vile.

Kuhusu haki ya serikali kukusanya. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2396 Desemba 2017, likazitaka nchi zote wanachama zijenge uwezo wa kukusanya na kuchambua hizi PNR, sababu iliyotolewa ni magaidi wanaosafiri kwenda vitani na kurudi. Kwaiyo usidhani ni nchi yako imekuwa na kiherehere, ni dunia nzima. Ulaya wana sheria yao ya 2016, shirika la ndege linatuma faili kati ya saa 24 na 48 kabla ya safari afu linatuma tena mlango wa ndege ukishafungwa, na zinatunzwa miaka 5, ila baada ya miezi 6 majina yanafichwa. Marekani kwa makubaliano waliyoingia na Ulaya 2012 wanaweza kukaa nazo mpaka miaka 15.

Mzee_Kifaru

Sasa tatizo liko wapi jamani mbona mnakuza mambo. Mimi nimesafiri sana na mtu kujua nimeenda wapi hakujanipunguzia hata kilo moja ya uzito. Simu mfukoni inajua ulipolala jana, picha unazirusha mwenyewe ukiwa uwanjani na mahali umeandika, lakini serikali ikijua umeruka hapo ndo uhuru umepotea?

Afu muwe mnaangalia na upande wa pili. Kuna wasichana wanadanganywa kazi nje wanafika wananyang'anywa pasipoti, ndugu wanakuja kulia uhamiaji mtoto wetu hatujui yuko nchi gani. Siku hiyo ukiambiwa hakuna rekodi ya nani katoka na nani, utafurahi? Kuna watoto wanavushwa na watu wasio wazazi wao. Hayo mafaili mnayoyalalamikia ndo yanayowakamata hao. Afisa aliuliza swali mbili akagonga mhuri, hiyo ni kazi yake.

Wakili_wa_Kijiweni

Mzee Kifaru nakuheshimu ila hapa umeruka hoja. Kampuni ya simu ikijua nimeenda wapi itaniuzia bando la huko. Serikali ikijua inaweza kunizuia, kunihoji, kunifutia pasipoti. Ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama data ni ile ile, swali sio nani anajua, swali ni anayejua ana uwezo wa kukufanya nini.

Na mleta mada swali lako la mwisho, kama wanaweza kukwambia hutoki, ndo lenye uzito kuliko yote kwaiyo ngoja nianzie hapo.

Kwenye karatasi haki yako ipo wazi. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kifungu cha 13 linasema kila mtu ana haki ya kuondoka nchi yoyote ikiwemo yake na kurudi kwao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 12, umerudia hivyo hivyo, na Mkataba wa Afrika wa 1981 nao kifungu cha 12. Vizuizi vinaruhusiwa lakini lazima viwe kwenye sheria na viwe na sababu za lazima kama usalama wa taifa, afya ya umma, haki za wengine. Kamati inayosimamia huo mkataba wa 1966 ilitoa ufafanuzi mwaka 1999 ikataja kabisa vikwazo vinavyoisumbua, kama kumtaka mtu aeleze njia yake ya safari kwa undani, kumtaka alete barua ya mwajiri au ya ndugu, au kutoza ada kubwa ya pasipoti. Yaani mambo ambayo watu wengi wanayachukulia ni utaratibu wa kawaida tu wa ofisini.

Sasa kwa vitendo. Zamani nchi iliyotaka kuwafunga watu ndani ilitumia viza ya kutokea. Umoja wa Kisovieti ulikuwa nayo, ukitaka kutoka unaomba, unaweza kusubiri miaka na ukinyimwa huambiwi kitu cha maana. Cuba walikuwa na kibali chao mpaka Januari 2013 ndo wakakifuta. Uzbekistan wakafuta yao 2019. Eritrea mpaka leo huwezi kutoka kihalali bila hiyo viza. Kwaiyo huo ni udhibiti wa mlangoni, unauona, una fomu yake, una dirisha lake, una mtu wa kumchukia.

Huu wa leo hauna dirisha. Hakuna anayekunyima ruhusa, ruhusa unayo, ila kuna orodha mahali fulani na jina likiingia unajua ukiwa tayari na begi mkononi. Mfano halisi kabisa: Januari 2005 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD) wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanamke raia wa Malaysia, alienda uwanja wa ndege San Francisco akakamatwa kwa pingu, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Akaja kuachiwa akaondoka, viza ikafutwa, hakuweza kurudi tena kumalizia mambo yake. Akashtaki. Serikali ikapigana miaka karibu 8 ikisema hizi ni siri za taifa haziwezi kusemwa mahakamani. Mwaka 2014 jaji akatoa hukumu na ukweli ukatoka, ajenti wa FBI alijaza fomu vibaya, aliweka alama kwenye viboksi ambavyo sio. Basi. Hakuna ugaidi, hakuna ujasusi, ni alama ya kalamu kwenye kiboksi kisicho chake. Miaka yote ile siri kubwa iliyokuwa inalindwa ni hiyo.

Kwaiyo Mzee wangu unaposema huna kosa usiogope, yule dada naye hakuwa na kosa.

Dada_Nuru

Nasoma hapa nacheka peke yangu, wanaume mmeshtuka leo baada ya kuulizwa swali dirishani. Saudi Arabia mwaka 2012 ilikuwa mwanamke akipita uhamiaji tu, meseji inaingia kwenye simu ya mumewe au baba yake, mtu wako ametoka. Na bila ruhusa ya huyo mlezi hapiti kabisa, hata awe daktari bingwa, ruhusa inabonyezwa kwenye programu ya serikali, Absher inaitwa. Mpaka Agosti 2019 ndo wakabadilisha kwamba mwanamke wa miaka 21 na zaidi anapata pasipoti na anasafiri bila kuombewa. Kwaiyo hii habari ya nani anajua safari yako na anaifanyia nini, wenzenu tumeanza kuiwaza zamani.

Afu Mzee Kifaru, wasichana uliowataja, wengi wao wametoka na karatasi zote zimekamilika na rekodi zipo. Rekodi haikuzuia kitu. Kinachowaokoa ni mtu wa ubalozi anayepokea simu.

Mzee_Kifaru

Dada Nuru hapo kwenye ubalozi umenishinda, nakubali. Ila bado bila rekodi huyo mtu wa ubalozi ataanzia wapi kutafuta? Sijasema wakusanye kila kitu, nasema mpaka ni mpaka. Nyumba yenye mlango wazi usiku kucha hailali mtu.

Wakili_wa_Kijiweni

Mpaka ni mpaka sawa, hakuna anayebisha kwamba nchi ijue nani kaingia. Mimi ninachokwambia ni kwamba rekodi ikishakuwepo haikai kwenye kazi iliyoletewa. Angalia Canada. Wao na Marekani walikubaliana, ukivuka kwa gari kuingia upande mmoja basi kuingia kwako kule kunahesabika ndo kutoka kwako huku, wanabadilishana. Sheria yao ya kukusanya habari za wanaotoka ilipita Desemba 2018, ikaanza mipaka ya nchi kavu 2019 na ndege 2020. Ukisikia maneno ya mwanzo ni usalama wa mpaka, watoto waliotekwa, magaidi. Sawa. Lakini humo humo ikawemo kukagua wanaopokea mafao ya kukosa kazi na pensheni ya uzeeni, kwamba bibi kakaa nje muda mrefu mno, pensheni isimame. Labda ni haki kumkagua, sibishi, ila tuwe wakweli bibi sio gaidi.

Marekani nako tangu sheria ya 2015 ukiwa na deni kubwa la kodi, wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 50,000, wizara inaweza kukunyima pasipoti au kuifuta. Ukidaiwa matunzo ya mtoto zaidi ya dola 2,500 hupewi. China waliokaidi kulipa madeni walioamriwa na mahakama wanawekwa kwenye orodha hawauziwi tiketi ya ndege. Kila moja ukiitazama yenyewe ina mantiki yake, kodi ilipwe, mtoto atunzwe, deni lilipwe. Ukiziweka pamoja unakuta kusafiri kumekuwa kitu unachopewa ukiwa mtoto mzuri.

Na isiwe mnadhani ni mambo ya kompyuta tu. Paul Robeson yule mwimbaji alifutiwa pasipoti na serikali ya Marekani 1950 kwa sababu ya siasa zake, akakaa ndani ya nchi miaka 8. Mwaka 1957 watu wa London walitaka kumsikia, akawaimbia kwa laini ya simu iliyopita chini ya bahari, yeye yuko New York, wao wamejaa ukumbini wanasikiliza spika. Akarudishiwa pasipoti 1958 baada ya Mahakama ya Juu kabisa ya kule kuamua kwenye kesi ya mchoraji mmoja, Rockwell Kent, kwamba haki ya kusafiri ni sehemu ya uhuru wa mtu na waziri hawezi kuinyima kwa sababu tu hapendi imani yako. Majaji walikuwa 5 kwa 4. Mmoja tu angegeuka.

Jina_la_Kawaida

Naongezea kidogo upande wa wenye majina yaliyojaa duniani kama mimi. Kila nikisafiri kwenda nchi fulani siwezi kuchekin kwa simu, programu inaniambia nenda kaunta, kaunta wanapiga simu, nasubiri, wanarudi wananiambia samahani endelea. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kwanini. Nikaja kuambiwa na mtu wa ndege kwamba kuna mwingine mwenye jina langu ambaye anatafutwa. Mara ya kwanza unacheka, baadaye unaanza kufika uwanjani mapema kuliko wenzako wote na unajikuta umevaa vizuri zaidi, unaongea taratibu zaidi, hata utani huufanyi. Hiyo ndo sehemu ambayo mzee wetu haioni, hawajanizuia hata siku moja ila wameshanibadilisha.

Kwa anayepata shida kama hii kwa Marekani, wana utaratibu wa kuomba namba ya kurekebishiwa, unajaza maombi kwenye tovuti ya wizara yao ya usalama wa ndani, ukipewa namba unaiweka kila unapokata tiketi ili wakutofautishe na huyo mwenzako. Kwangu imepunguza, haijaisha.

Simba_Marara

"Hata utani huufanyi" hii imenigusa. Na mimi nilimwambia mleta mada amjibu afisa "muulize mwenyewe" 😂

Mpita_Njia

Wakuu nimesoma yote, kwakweli asanteni. Kaunta umenifungua macho, kumbe kosa la kunitaja na yule jamaa ni tiketi moja. Na Jina la Kawaida nimekuelewa sana maana na mimi safari inayofuata nimeshaanza kujiuliza nitajibu nini na sijui hata kama nitaulizwa.

Maswali mawili ya mwisho. Je nikilipa keshi na kukata tiketi peke yangu, au nikapita mpaka wa nchi kavu kwa basi, napunguza kuonekana? Na la pili, hilo faili naweza kuliona mwenyewe? Maana kama mtu anasoma kitu kinachonihusu mimi basi na mimi nikisome.

Kaunta_ya_Tiketi

Keshi usijaribu mkuu, unajiongezea. Tiketi ya kwenda tu bila kurudi, imelipwa taslimu, imekatwa dakika za mwisho, hivyo ni vitu ambavyo macho yanaenda moja kwa moja. Tiketi ya kawaida ya kadi yenye kurudi ndo inayopita bila mtu kuitazama. Kukata peke yako sawa, mtakuwa mafaili tofauti, ila mkikaa viti vya jirani na simu ya mawasiliano ni moja basi hujafanya kitu.

Basi ni kweli, mpaka wa nchi kavu hauna PNR, mipaka mingi bado ni kitabu na mhuri au kompyuta ya hapo hapo. Lakini hilo nalo linafungwa taratibu. Ulaya Oktoba 2025 wameanza kuwasha mfumo wao mpya wa kuingia na kutoka kwa wageni wasio raia wao, anga, bahari na nchi kavu, mhuri unaondolewa, unapigwa picha ya uso na alama za vidole vinne, na inakaa miaka 3. Hapo hata ukivuka kwa miguu.

Kitu kimoja kilicho mikononi mwako ni kuacha kurusha picha ya kadi ya kupandia mtandaoni. Ile PNR ya herufi na namba sita pamoja na jina la ukoo, kwenye tovuti za ndege nyingi mtu anafungua safari yako kama yake. Tony Abbott, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Australia, aliweka picha ya kadi yake Instagram 2020, jamaa mmoja akatumia kilichomo akafika mpaka kwenye namba ya pasipoti na namba ya simu. Waziri mkuu mstaafu huyo. Watu wanahangaika na serikali huku faili wamelibandika wenyewe ukutani.

Hilo la kuliona faili namwachia Wakili, upande wetu nachojua ni kwamba shirika la ndege ukiwaandikia wanakupa walichonacho, na wale wanaofanya kazi Ulaya sheria inawabana wajibu ndani ya mwezi.

Wakili_wa_Kijiweni

Sahihi, anza na ndege kwa sababu hao wanaogopa faini. Ukishapata nakala yao utajua angalau nini kilitumwa, ndo unaandika barua ya pili kwa mamlaka ya uhamiaji.

Kwenye barua ya uhamiaji usiandike malalamiko marefu, hawasomi. Angalia kwanza kama nchi yako ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, nchi nyingi sasa zinayo, utaje na kifungu chenyewe cha haki ya kuona taarifa zako. Omba nakala ya kumbukumbu zako za kuingia na kutoka, uliza wamezipata kwa nani, wamempa nani mwingine na zitakaa mpaka lini. Kama kuna kitu kimekosewa, mfano huyo jamaa ameandikwa ni mwajiri wako au ndugu yako, omba kirekebishwe kwa maandishi. Watakunyima baadhi wakisema usalama wa taifa, hilo utegemee, ila kunyimwa kwenyewe waombe wakupe kwa barua maana ndo utakayokwenda nayo kwa tume ya ulinzi wa data au mahakamani.

Na usidhani mahakama haziwezi kitu. Hiyo sheria ya Ulaya ya 2016 aliyoitaja Kaunta, watu wa Ubelgiji wa chama kimoja cha haki za binadamu waliipeleka mahakamani, na Juni 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya haikuifuta lakini iliikata mabawa. Ikasema baada ya miezi 6 huwezi kuendelea kutunza mafaili ya abiria ambao hakuna kitu chochote kinachowahusisha na ugaidi au uhalifu mkubwa. Ndege za ndani ya Umoja huwezi kuzikusanya zote kama hakuna tishio la kweli. Na kompyuta inayojifunza yenyewe isitumike kuamua nani ni wa kumtilia shaka, kwa sababu hata aliyeitengeneza hataweza kumweleza abiria kwanini alichaguliwa.

Mzee_Kifaru

Hiyo ya kompyuta mimi pia naiunga mkono. Mtu anihoji mtu.

Mpita_Njia

Poa Wakili, barua ya ndege naandika leo. Ile ya uhamiaji nikishaandika nitaiweka hapa niifiche majina mnisahihishie kabla sijaituma.

Wakili_wa_Kijiweni

Iweke. Na weka namba zote mbili za pasipoti, ya zamani na mpya, la sivyo watakutafutia kwenye ile mpya tu wakujibu hakuna kitu.